Rudi Alhamisi: Surua, Chanjo na Maneno Tunayotumia

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili nchini Uganda. Lugha yangu ya kwanza ni Kiganda, na nimekulia katika kijiji cha wakulima wa kahawa na ndizi upande wa Masaka. Nikiwaambia watu wa kwetu kwamba ninasoma Kiswahili, wengi huniuliza kama ninataka kujiunga na jeshi au polisi, kwa sababu kwa miaka mingi hao ndio tuliowajua kuwa wasemaji wa lugha hii. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama somo langu linaweza kumsaidia mtoto asife kwa surua. Katika insha hii nataka kulijibu swali hilo ambalo sikuulizwa, kwa kueleza mambo niliyoyaona nyumbani kwetu na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Nianze na majina, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kwa Kiswahili ugonjwa huu ni surua. Jirani zetu wa Rwanda huuita iseru, na Warundi huuita agasama. Sisi Waganda tuna jina olukusense, lakini wazee wengi hawapendi kulitaja. Husema mulangira, maana yake mwana wa mfalme. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la sifa. Baadaye jjajja wangu, yaani bibi mzaa mama, alinieleza kwamba mgeni mkubwa akiingia nyumbani kwako hupigi kelele, humfukuzi, unamwita kwa heshima na kuomba aondoke bila kuchukua kitu. Jjajja alizaa watoto wanane. Mulangira alichukua wawili katika mwezi mmoja, kabla chanjo haijafika kwetu. Alikuwa akisema kwamba zamani mama hakuhesabu watoto wake mpaka mulangira apite.

Jjajja alituogesha kwa majani ya bbombo kila tulipotoka upele, na aliamini kwamba upele wa surua lazima utoke wote nje. Mtoto mwenye surua akidungwa sindano, alisema, upele hurudi ndani na kumuua. Mtu aliyesoma anaweza kucheka. Mimi sicheki, kwa sababu nimeelewa imani hiyo ilitoka wapi. Watoto waliokuwa wakipelekwa hospitali enzi zake walipelekwa wakiwa hoi, wakadungwa, wakafa. Aliyekuwa akitazama kutoka nje aliona sindano, kisha akaona jeneza.

Sasa tujue ugonjwa wenyewe. Surua husababishwa na virusi vinavyosafiri hewani. Mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, virusi vinaweza kubaki hewani humo hadi saa mbili. Watu kumi wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa mmoja, tisa kati yao wanaweza kuambukizwa. Ubaya zaidi ni kwamba mtoto huanza kuambukiza wengine siku nne hivi kabla upele haujaonekana, wakati mama bado anadhani ni mafua, macho mekundu na homa ya kawaida. Upele ukitokea, watoto wa jirani waliocheza naye wameshaupata.

Wengi hupona. Lakini surua hushusha kinga ya mwili, na katika mlango huo huingia nimonia, kuharisha, uvimbe wa ubongo na upofu. Ndiyo maana watoto wengi wanaoonekana kufa kwa nimonia au kuharisha walikuwa wameuawa na surua wiki mbili au tatu kabla. Hakuna dawa ya kuviua virusi vyenyewe. Hospitali humpa mtoto vitamini A mara mbili, leo na kesho, humpa maji ya kutosha, hutibu nimonia, kisha hungoja. Kinga ya kweli ni chanjo, ambayo imetumika duniani tangu 1963.

Uganda ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1983. Mtoto hupewa dozi ya kwanza ya surua akiwa na miezi tisa, na tangu 2022 hupewa ya pili akiwa na miezi kumi na minane. Watu wengi huuliza ya pili ni ya nini. Hesabu yake ni rahisi. Dozi moja katika umri wa miezi tisa huwakinga watoto 85 hivi kati ya 100. Wale 15 waliobaki wamechanjwa, mama zao wametimiza wajibu, lakini miili yao haikujifunza. Dozi ya pili ndiyo huwafikia wengi wa hao. Na kwa kuwa surua huenea upesi kama moto wa nyika, wataalamu wanasema lazima watoto wasiopungua 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa dozi mbili ili moto ukose nyasi za kuchoma. Hapo hata mtoto wa miezi minne, ambaye bado hajafika umri wa kuchanjwa, hulindwa na watoto wakubwa wanaomzunguka.

Dunia haijafika huko, na kwa miaka michache ilirudi nyuma. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watoto 86 kati ya 100 duniani walipata dozi ya kwanza. Ukaja ugonjwa wa Korona. Mwaka 2021 idadi ilishuka hadi 81, na mwaka 2023 ilikuwa imepanda hadi 83 tu. Mwaka huo wa 2023 watu wanaokadiriwa kufika milioni 10.3 waliugua surua na karibu 107,500 walifariki, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata nchi tajiri hazikusalimika. Marekani ilikuwa imetangaza mwaka 2000 kwamba surua haina makao tena nchini humo, lakini mwaka 2025 katika jimbo la Texas watu zaidi ya 700 waliugua, na watoto wawili ambao hawakuwa wamechanjwa walikufa. Mwezi Novemba mwaka huo Kanada ilipoteza hadhi ya nchi iliyoiondoa surua.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano ulio karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2020 dunia nzima ilitazama Kivu Kaskazini na Ituri, huko Kongo, kwa sababu ya Ebola. Waandishi wa habari walifika, ndege zilifika, na mipakani kwetu tulipimwa joto. Ebola hiyo iliua watu 2,280 hivi. Katika kipindi hicho hicho, nchini humo humo, surua iliwapata watu zaidi ya 310,000 kwa mwaka mmoja na kuua zaidi ya 6,000. Ni zaidi ya mara mbili ya waliouawa na Ebola, na wengi walikuwa watoto wadogo. Ugonjwa tuliouzoea una bahati moja mbaya, kwamba hakuna anayeshangaa unapoua.

Baada ya kusoma takwimu kama hizi, ni rahisi kusema kwamba akina mama wa siku hizi wanakataa chanjo kwa sababu ya uvumi wa mitandaoni. Nimesikia maneno hayo darasani, redioni na hata kanisani. Yapo ya kweli ndani yake. Lakini nimemfuatilia mama mmoja kwa karibu, naye ni dada yangu mkubwa, na habari yake haikuanza na uvumi.

Dada ana binti ambaye ni mtoto wake wa tatu. Wawili wa kwanza walichanjwa chanjo zote. Huyu wa tatu alipofikisha miezi tisa, Dada alimbeba mgongoni siku ya Jumanne akampeleka kwenye kituo cha afya, safari ya saa moja na nusu kwa miguu. Alikuta akina mama watatu tu. Muuguzi alihesabu watoto, akasema, "Mko wachache. Rudini Alhamisi."

Dada hakuelewa kwa nini uchache wa watoto uwe sababu ya kumnyima mtoto wake chanjo. Hakuna aliyemweleza, nami nilijua baadaye sana, nilipomuuliza rafiki yangu anayesomea uuguzi. Chanjo ya surua huja kama unga katika chupa ndogo, na kwa kawaida chupa moja ina dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake inapaswa kutumika ndani ya saa sita, kisha kinachobaki kinamwagwa. Muuguzi aliyeletewa chupa chache huogopa kufungua moja kwa ajili ya watoto watatu na kumwaga dozi saba, kwa sababu mwisho wa mwezi ataulizwa zilikwenda wapi. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kama amekuja mtoto mmoja. Shauri hilo ni jema, lakini anayeulizwa kuhusu dozi zilizomwagwa ni muuguzi, na mtoto aliyerudishwa nyumbani hana mtu wa kuuliza habari zake.

Alhamisi Dada alirudi. Aliambiwa gesi ya jokofu imekwisha na chanjo zimepelekwa kituo kingine, kwa kuwa dawa hii lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Akarudi tena baada ya wiki mbili. Safari hiyo chanjo ilikuwapo, lakini kadi ya mtoto ilikuwa imelowa mvua na maandishi yamefutika. Mhudumu aliyekuwa mezani alimsema mbele ya watu, akamuuliza kama anatunza watoto au anatunza nguruwe. Dada ni mtu mzima, anauza dagaa, ambao sisi huwaita mukene, katika soko la kijiji, na wateja wake kadhaa walikuwa kwenye foleni ile. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda zake.

Ni baada ya hapo ndipo uvumi ulipoanza kumwingia. Katika kundi la WhatsApp la wauzaji wa sokoni ilisambaa sauti ya mtu asiyejulikana, akisema kwamba chanjo za watoto zimechanganywa na ile ya Korona ili wasichana wasizae. Dada alikuwa amekwisha kuisikia sauti hiyo kabla, na hakuijali. Sasa aliisikiliza hadi mwisho. Nilipofika likizo aliniambia, "Kama ingekuwa nzuri, wasingeniangaisha hivi." Ukimchunguza mama kama huyu leo utaandika kwamba amekataa chanjo. Mimi niliyemjua tangu mwanzo ninasema alikwenda mara tatu akarudishwa mara tatu, na uvumi ukamkuta amechoka.

Nilikaa naye jikoni jioni moja, tukimenya ndizi. Nilikuwa na takwimu zote kichwani, lakini sikuzitoa. Nilimuuliza alichosikia, nikamwacha aseme.

"Mdogo wangu, wewe umesoma," alisema. "Niambie, kwa nini chanjo ya Korona walitulazimisha? Shule zilifungwa karibu miaka miwili. Mimi niliambiwa siingii sokoni bila kuchanjwa. Kitu kizuri hulazimishwi."

Nilikubaliana naye kwamba jambo la kulazimishwa huacha uchungu. Shule zetu kweli zilifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na watoto wengi, hasa wasichana, hawakurudi tena. Kisha nikamwambia kwamba chanjo ya surua ni kitu kingine, ina umri mkubwa kuliko mama yetu. Nikamkumbusha mwaka 2003, alipokuwa darasa la kwanza, wakati wa kampeni ya nchi nzima ya kuwachanja watoto hadi miaka 14. Alikumbuka. Alikumbuka hata mwalimu aliyewapanga mstari na rafiki yake aliyekimbilia migombani.

"Na umezaa watoto watatu, Dada," nikasema.

Alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Kisha akauliza swali ambalo naliona ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote: "Nikienda, akipata homa usiku, nitamlaumu nani?" Nilimjibu kwamba ni kweli baadhi ya watoto hupata homa ndogo au vipele vichache siku kadhaa baada ya chanjo, na hupita. Sikumwambia kwamba hakuna lolote linaloweza kutokea. Mama akiambiwa hakuna homa, kisha homa ikaja, hatakuamini tena hata ukimwambia jua limechomoza.

Alisema atafikiri. Sikumsukuma.

Wiki ya pili ya likizo surua iliingia katika kijiji cha jirani. Tulisikia kwanza kwamba watoto wa shule ya chekechea wana macho mekundu, kisha tukasikia upele. Mtoto wa kiume wa muuza makaa, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, alipata nimonia baada ya surua akafariki. Tulikwenda matangani. Mama yake alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ameshikilia kijishati cha mtoto, akikikunja na kukikunjua. Wanawake waliomzunguka walikuwa kimya, na kila mmoja nadhani alikuwa akipiga hesabu ya watoto wake mwenyewe.

Kesho yake alfajiri Dada alikwenda kituoni, nami nikamsindikiza. Tulikuta akina mama zaidi ya sitini. Chupa zilifunguliwa moja baada ya nyingine, hakuna aliyehesabu vichwa, hakuna aliyeuliza kuhusu kadi iliyolowa. Kadi mpya zilikuwa zimeletwa katika katoni. Binti wa Dada alilia kidogo alipodungwa mkono wa kushoto, kisha akanyonya. Tulipokuwa njiani kurudi Dada alisema bila hasira yoyote, "Kumbe chupa hufunguliwa watoto wakianza kufa."

Maneno hayo yamekaa nami kuliko hotuba yoyote niliyoisikia kuhusu afya. Yanasema kosa liko wapi. Tuna sheria ya chanjo ya mwaka 2017 inayomtaka mzazi amchanje mtoto na inayoweza kumfunga asipofanya hivyo. Sipingi sheria. Yapo madhehebu ambayo waumini wake huwaficha watoto, na mtoto hana uwezo wa kujitetea mbele ya baba yake. Lakini sheria hiyo ingemfikisha mahakamani muuza dagaa aliyetembea mara tatu. Aliyemwambia arudi Alhamisi asingeulizwa kitu.

Sasa nirudi kwenye lugha. Mwaka huo huo nilijitolea kwa wiki chache kuwa mkalimani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na lugha inayowakutanisha wengi wao ni Kiswahili. Wauguzi wengi niliowakuta husema Kinyankole na Kiingereza. Hapo kwa mara ya kwanza watu waliuliza niko wapi kwa sababu ya Kiswahili changu.

Siku moja alikuja mama kutoka Rutshuru, huko Kivu Kaskazini, na mtoto wa mwaka mmoja hivi. Muuguzi aliniambia nimuulize kama mtoto amechanjwa. Nikauliza, "Mama, mtoto amechanjwa?"

Akajibu haraka, "Ndiyo, muganga. Huyu mutoto balishamuchanja." Akafunua shati la mtoto, akatuonyesha kifuani mistari midogo mitatu iliyopona. Ilikuwa chale. Mtoto alipobanwa kifua walipokuwa njiani wakikimbia vita, mzee mmoja alimchanja kwa wembe na kumpaka dawa.

Mama yule hakudanganya wala hakukosea. Chanjo ni jina linalotokana na kitenzi kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo au kupasua. Tunachanja kuni, mganga huchanja chale, na muuguzi huchanja mtoto. Katika miji ambako watu wamesikia matangazo ya chanjo kwa miaka mingi, maana ya kihospitali imetangulia. Kwa mama aliyetoka kijiji ambacho zahanati yake ilichomwa, maana ya zamani bado iko mbele, na ni Kiswahili sahihi kabisa. Laiti asingefunua shati lile, tungeandika kwenye daftari kwamba mtoto amechanjwa, naye angerudi kwenye hema lenye watu wanane bila kinga.

Kuanzia siku hiyo tulibadili swali. Tuliuliza: "Mtoto amedungwa sindano ya surua hospitalini? Alidungwa mkono upi? Alikuwa ameanza kutambaa?" Maswali matatu badala ya moja. Nchini mwetu chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu, hudungwa mkono wa kulia mtoto anapozaliwa, na ya surua hudungwa mkono wa kushoto, kwa hiyo swali la mkono husaidia kutofautisha. Swali la kutambaa lilitusaidia zaidi, kwa sababu mama ambaye amepoteza kadi na hakumbuki tarehe hukumbuka mtoto wake alianza kutambaa lini. Na mama asipokuwa na uhakika, mtoto huchanjwa tena bila madhara. Katika siku zilizofuata tuliwapata watoto kadhaa waliokuwa wameandikwa kuwa wamechanjwa, kumbe wamechanjwa chale.

Kutokana na mambo haya mawili, la nyumbani na la Nakivale, nina mapendekezo machache.

Kwanza, chupa ifunguliwe. Wakuu wa vituo waache kumhesabia muuguzi dozi alizomwaga kana kwamba ameiba. Pale ambapo watoto ni wachache, ziko chupa za dozi tano ambazo zinaweza kuagizwa. Gharama ya dozi saba zilizomwagwa ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kumlaza mtoto mmoja mwenye nimonia, tusiseme kumzika.

Pili, mama akirudishwa, afuatwe. Uganda ina wahudumu wa afya wa vijiji, watu wanaoishi na majirani zao na kuwajua kwa majina. Mhudumu wa kijiji chetu alipita mbele ya mlango wa Dada kila siku akienda kisimani. Angepewa jina la mama aliyeondoka bila kuchanjiwa mtoto, angemuuliza siku ile ile, kabla ya kundi la WhatsApp kumfikia.

Tatu, mama asitukanwe. Hili halihitaji bajeti. Katika mila zetu za Buganda mgeni hukaribishwa, huulizwa habari za nyumbani, ndipo shughuli huanza. Najua wauguzi wamechoka, wanahudumia watu wengi na mshahara huchelewa. Lakini neno moja la kejeli lilimwondoa mtoto mmoja kwenye foleni kwa miezi mitano, nami nililiona kwa macho yangu likifanya kazi ambayo uvumi peke yake haukuiweza.

Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe, lugha ya afya ipimwe kabla ya kutumika. Mabango mengi niliyoyaona yameandikwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Ni methali nzuri, lakini haimwambii mama siku, mahali wala umri wa mtoto. Bango linalosema "Mtoto wa miezi tisa na wa miezi kumi na minane adungwe sindano ya surua, njoo siku yoyote, hata bila kadi" lingesaidia zaidi, ilimradi liwe kweli. Na kabla halijachapishwa, apewe mama wa Rutshuru, wa Arua na wa Masaka alisome au asomewe, kisha aulizwe ameelewa nini. Sisi tunaosoma Kiswahili tunajifunza mofolojia, semantiki na tafsiri. Tunaandika tasnifu kuhusu maneno yanayobadilika maana. Sidhani kama kuna mahali ambapo elimu hiyo inahitajika zaidi kuliko kwenye meza ya muuguzi anayeuliza swali na kupata jibu sahihi la swali jingine.

Serikali yetu iliidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Tunafurahi, kwa kuwa tutapata kazi ya kufundisha. Lakini watu wa kwetu hawatakipenda Kiswahili kwa sababu kiko katika ratiba. Watakipenda wakikutana nacho mahali ambapo kinawasaidia, kama yule mama alivyokutana nacho Nakivale akashangaa kwamba binti wa Uganda anaelewa "balishamuchanja".

Ninawaomba basi wenzangu mnaokwenda nyumbani likizo hii mfanye jambo moja. Katika kila nyumba mtakayoingia kusalimia, iwe ya dada, shangazi au mke wa kaka, ombeni kuiona kadi ya mtoto. Msianze na hotuba. Kama nafasi ya miezi tisa au ya miezi kumi na minane ni tupu, ulizeni ilikuwaje, kisha nyamazeni msikilize. Kama jibu ni kwamba aliambiwa arudi Alhamisi, Alhamisi hiyo msindikizeni.